Kilomita za Avenue Masuku

Mbuyi Symphorien hakuwa na tundu la umeme lenye uhai. Hakuwa na mke, maana Abigaël alikuwa amelala makaburini mwaka wa nne sasa. Hakuwa na jino moja la mbele, upande wa kushoto, wala subira na watu wanaosimulia jambo bila kutaja tarehe. Hakuwa na jenereta. Hakuwa na kijiji cha kurudia, ingawa majirani walimwambia kila mara kwamba anacho na kwamba njia iko wazi. Zaidi ya yote, hakuwa na jina katika rejista ya kabini ya umeme ya Avenue Masuku, mtaa wa Naviundu, Lubumbashi, alikoishi namba kumi na nne tangu miaka kumi na tisa.

Alichokuwa nacho, asubuhi hiyo ya mwezi wa kumi na moja, ni gari la umeme.

Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa, usukani upande wa kuume kama magari yote yanayotoka Zambia. Mpwa wake Laurent, aliyekuwa akifanya kazi Ndola, alihamia mbali na kulitoa kwa mjomba wake. Lilipita mpakani Sakania juu ya behewa, likashushwa, likaendeshwa mpaka Naviundu, na lilipoingia getini tarakimu mbele ya usukani zilionyesha kwamba limebakiwa na kilomita arobaini na moja. Mbuyi alivaa tai, akapiga safari mbili za kupeleka wasafiri uwanja wa ndege wa Luano, na jioni tarakimu zilikuwa tisa. Hapo ndipo suala la rejista lilipoanza upya.

Rejista hiyo haikuandikwa na serikali. Miaka kumi na mitano iliyopita wakazi wa Avenue Masuku walichoka kungoja, wakanunua transfoma yao wenyewe, wakaijengea kabini ya matofali. Mbuyi alikuwa fundi umeme wa karakana za reli, miaka thelathini, na nadharia aliisomea shule ya jioni, kitabu kimoja kati ya wanafunzi wanne. Ni yeye aliyepanda nguzo. Ni yeye aliyevuta waya katika parsela, viwanja vyote ishirini na tatu, kwa siku tisa. Siku ya kumi Kalaba, shefu wa avenue, yaani mkuu wake, alifungua rejista yenye jalada gumu na kuandika majina ya wenye haki ya umeme, courant kama walivyouita. Aliandika ishirini na mawili.

«Na miye?» Mbuyi aliuliza.

«Weye ni wa Kasai,» Kalaba alisema. «Courant ni ya benye avenue.»

«Miye nilizaliwa Likasi, Kalaba. Likasi ni Katanga.»

«Hata panya banazaliwaka mu nyumba yangu. Hakuna hata moja mu registre.»

Watu walicheka, na Mbuyi akacheka kuliko wote. Alicheka kwa sababu yeye na Kalaba walikuwa watani. Utani wao haukutoka kwa mababu. Hakuna babu aliyewahi kufunga utani kati ya Mbemba kama Kalaba na Muluba wa Kasai kama Mbuyi. Waliufunga wenyewe ujanani, karakana ya Likasi, mbele ya mafundi wenzao na chupa mbili za bia, kwa sababu Mbuyi aliona raha ambayo wengine wanaipata katika utani na akataka na yeye kuwa na mtu wa kumtukana. Mtani anaweza kukutukana kwenye msiba wa mama yako, na wewe ni lazima ucheke. Mwaka tisini na tatu, watu wa Kasai waliporundikwa kwenye stesheni ya Likasi na vitanda vyao kungoja treni ya kuwafukuza, Kalaba alikuja mpaka ukingoni mwa reli akapiga kelele, «Mwende kwenu, bilulu!» Bilulu ni wadudu. Mbuyi, godoro kichwani, alicheka, akamwambia mama yake: huyo ni mtani wangu, peke yake ndiye aliyekuja kutuaga.

Aliporudi Katanga, miaka minane baadaye, alitafuta kwanza mahali Kalaba alipohamia, kisha akatafuta parsela karibu naye.

Sasa alikwenda kwa Kalaba kuomba aandikwe, kwa sababu ya gari. Kalaba aliitisha komite. Komite ilikaa nusu saa, ikaamua kwamba jina halitaandikwa, na kwamba yeyote atakayempa Mbuyi waya kutoka nyumbani kwake naye atakatwa. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kabini. Lilikuwa na makosa matatu ya tahajia, na Mbuyi aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Kisha akaenda dukani kwa Muhindo.

Muhindo alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mtu mpana, asiyeharakisha neno. Aliuza kwa jumla paneli, betri, jenereta na nyaya, karibu na daraja la Naviundu. Alimkalisha Mbuyi juu ya katoni.

«Muntu mwenye gari ya courant na hana courant,» Muhindo alisema, «yeye ana options ine. Ya kwanza, groupe. Inapiga kelele lakini inatumika.»

Mbuyi alikodi jenereta. Ilinguruma getini kutwa nzima, ikinywa petroli ili kulisha gari ambalo sifa yake ni kutokunywa petroli. Ng'ambo ya barabara, namba kumi na tano, Marceline alikuwa akiuza makala, mkaa wa kupikia, kwa magunia na kwa vikopo, na sauti yake haikushindwa na injini.

«Muone akili ya Bakasai!» aliwaambia wateja. «Anachoma essence yulu ya gari yenye haitake essence. Kisha banasema banasoma!»

Siku ya tatu mtu alitia sukari kwenye tangi la jenereta. Mbuyi aliirudisha dukani kwa mkokoteni.

Chaguo la pili lilikuwa paneli za jua, za kukunja kama mkeka, ambazo mtu anatandika juu ya paa la gari. Lakini mwezi wa kumi na moja Lubumbashi ni mwezi wa mvua, na siku jua lilipotoka Marceline alipeleka chekecheke yake upande upepo unakotokea, akachekecha vumbi la makala mpaka paneli zikawa nyeusi kama sufuria. Siku nzima ilizaa kilomita mbili. La tatu lilikuwa betri ya kukokota, yenye magurudumu na mpini kama sanduku la msafiri, na uzito wa beberu aliyeshiba. Ilibidi kuichajia kwa Muhindo na kuivuta kwenye tope mpaka nyumbani. Gurudumu lilivunjika kabla ya kufika. Wanaume wanne wa Avenue Masuku walikuwa wamekaa kwenye baa hapo karibu, na walimtazama akiibeba begani, mzee wa miaka sitini na sita, hatua kumi kumi, wakamhesabia hatua kwa sauti.

«Na ya ine?» Mbuyi aliuliza aliporudi.

Muhindo alimletea chaja ya mkononi: kisanduku cheusi, kikubwa kama Biblia ya kanisani, chenye waya wa mita saba na vichwa vitano vya kubadilisha, kila kimoja kwa aina yake ya tundu.

«Hii unatembea nayo popote. Unachomeka penye courant iko.»

«Miye sina courant, Muhindo.»

«Basi itakuwa muzuri siku utakuwa nayo.»

Mbuyi aliichukua kama mtu anayenunua viatu vya arusi ambayo hajaalikwa.

Nyumbani alisoma maelekezo yote, kurasa za Kifaransa na kisha za Kiingereza kwa kulinganisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuruka hatua. Hatua ya kwanza ilisema: chomeka waya kwenye gari. Alichomeka. Hatua ya pili ilisema: chomeka upande wa pili ukutani. Aliishia hatua ya kwanza. Alitundika kisanduku kwenye msumari wa geti, kichwa cha waya kikaning'inia hewani, akaingia ndani kupika ugali.

Marceline aliona waya ukining'inia.

«Unatafuta wapi pa kuiba, papa Mbuyi?» aliita kutoka ng'ambo. «Mwizi ya courant! Ungebakia kwenu kulya mahindi na mihogo, hapa ungetuachia hewa kidogo!»

Taa ya kisanduku iliwaka. Ilikuwa ya kijani, kama maelekezo yalivyosema.

Mbuyi alitoka na mwiko mkononi, akatazama tarakimu ndani ya gari. Mchana zilikuwa zimerudi tisa. Sasa zilikuwa kumi na mbili.

«Mama Marceline,» alisema. «Sema tena.»

«Nitasema! Unafikiri naogopa? Nitasema mpaka unapanda treni ingine!»

Kumi na tano.

Mbuyi alirudi ndani kwa sababu ugali ulikuwa unaungua. Baada ya kula alileta kiti, akakaa kando ya geti, na kwa siku sita alifanya majaribio, jinsi mafundi wanavyofanya, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mlevi aliyetukana kila geti alilopita hakutoa chochote. Watoto walioimba juu ya jino lake hawakutoa chochote. Mwendesha pikipiki aliyeteleza mbele ya parsela yake akamtukana kwa ajili ya mfereji alitoa nusu kilomita, kisha akaomba radhi. Mume wa Marceline, ambaye hakusema neno, alitema mate tu alipopita, alitoa mbili. Mbuyi aliona kwamba chaja haipimi maneno. Ilipima kilichokuwa chini ya maneno.

Jumapili, baada ya misa, Kalaba alipita na shati lake jeupe. Alikaa juu ya boneti kama ilivyokuwa desturi yake.

«Muluba!» alisema. «Uko hapa tu? Treni ilikusahau?»

Mbuyi alianza kucheka, kama alivyocheka tangu ujana. Taa ikawaka kijani, na kisanduku kikatoa mlio mdogo ambao hakikuwahi kuutoa. Mbuyi aliinama kutazama tarakimu. Kilomita kumi na moja. Kwa sentensi moja. Marceline, kwa siku yake nzuri kabisa, na jirani zake wakimsaidia, hakuwahi kupita tano kwa mkupuo mmoja.

Aliinuka, akamalizia kicheko chake, maana kicheko cha mtani hakikatizwi njiani.

«Ongeza kingine,» alisema.

«Banakuongeza nini? Weye hata kufa utakufa ku nyumba ya bantu.»

Kumi na moja tena, sawasawa.

Kalaba alipokwenda zake, Mbuyi alibaki amekaa. Alipiga hesabu kwa kurudi nyuma. Kwa kiwango kile, maneno aliyoyapata kando ya reli ya Likasi mwaka tisini na tatu yangeweza kumfikisha Mwene-Ditu, huko Kasai, yeye na mama yake na godoro, bila treni.

Tangu hapo gari lilikuwa na nguvu. Mbuyi alikwenda Luano asubuhi na alasiri, akarudi, akachomeka gari, akatundika kisanduku na kukaa kitini na gazeti. Avenue ilifanya kazi yake. Alipoona tarakimu zimeshuka alikwenda kusimama mbele ya kabini akaitazama tu transfoma, mikono nyuma, na hilo lilitosha. Wasafiri walimuuliza anachajia wapi, naye akajibu: nyumbani.

Muhindo alikuja na kipimo chake, akagusa nyaya huku na huku, akaandika kitu kwenye kiganja.

«Hii option haiko mu katalogi,» alisema. «Ingekuwa kwetu kule Butembo, na ile vita, tungeliwashia taa dunia muzima.» Hakucheka aliposema hivyo.

Avenue nayo ilielewa. Kalaba aliitisha komite chini ya paa lake la mabati.

«Kuanzia leo,» alisema, «hakuna muntu kumutukana. Ni kumusalimia tu. Tutaona ile gari itakulya nini.»

Hivyo wakaanza kumsalimia. Walimsalimia asubuhi na jioni, wanaume wakivua kofia. Marceline alivuka barabara na kikopo cha makala cha bure.

«Jambo yako, papa yetu Mbuyi,» alisema, na meno yake yalikuwa yameumana. «Umelala muzuri? Ile mafua iliisha?»

«Iliisha, mama. Aksanti.»

«Mungu akulinde.»

Taa ilikuwa inawaka tangu alipotoka getini kwake. Betri, iliyokuwa ikichukua siku nzima, ilijaa kabla ya saa sita. Muhindo alieleza jambo hilo kwa wateja wake: kinachotoka kinywani kinapotea kidogo njiani, kinachobaki ndani hakipotei. Mbuyi alithibitisha. Ni upotevu wa waya, alisema, sura ya saba ya kile kitabu cha shule ya jioni.

Adabu ilikaa mpaka mwezi wa kwanza, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiacha. Kisha radi ikapiga kabini. Transfoma iliungua mchana kweupe, ikatoa moshi wa mafuta mpaka Jumanne, na nyumba ishirini na mbili zikawa kama namba kumi na nne. Samaki walioza kwenye friza. Kinu cha kusagia mahindi kilisimama. Kampuni ya umeme iliandikiwa, haikujibu. Wiki ya tatu Kalaba aligonga geti la Mbuyi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku zote aliingia tu.

«Mukubwa,» alisema. Hilo nalo lilikuwa neno jipya. «Unaona vile tuko. Bantu banateseka. Ile mashini yako ina nguvu ya mingi.»

«Iko nayo.»

«Si ungeirudisha ku waya ya avenue?»

«Naweza. Munaandika jina yangu mu registre.»

«Tutaandika.»

«Kwanza jina.»

«Mbuyi, registre iko na sekretere. Sekretere iko Sakania ku kilio ya shemeji yake. Kwanza courant, bantu basage unga. Jina haina miguu, itakimbia wapi?»

Mbuyi alijua kwamba hapo alipaswa kusema hapana. Lakini juu ya nguzo nyaya zilikuwa zake, kila fundo alilifunga kwa mkono wake, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa amezitazama zikipita juu ya paa lake kwenda kwa wengine. Alitaka kuziona zikifanya kazi kutokea kwake. Alichukua ngazi. Alipanda nguzo tatu siku hiyo, na watu walishika ngazi chini, na kabla ya saa kumi na moja alikuwa amefunga kisanduku cheusi kwenye waya mkuu wa avenue.

Umeme ulikuja. Haukuwa ule wa zamani wa kukonyezakonyeza. Ulikuwa mnyoofu, mzito, hauna hata dakika ya kukatika. Kinu kilisaga. Friza ziliganda. Runinga ya Kalaba ilionyesha rangi ambazo fundi wake alidhani zimekufa. Watu wa Avenue ya jirani walikuja kuchungulia na kuuliza, na wakajibiwa: ni sisi wenyewe.

Wiki mbili baadaye katibu alirudi kutoka Sakania, na Mbuyi akavaa tai akaenda kwa Kalaba kudai. Alikuta komite imekaa, wanaume kwa wanawake, Marceline miongoni mwao. Rejista ilikuwa mezani, imefunguliwa. Kalaba alishika kalamu. Mbuyi aliiona ncha ya kalamu ikigusa karatasi kwenye mstari wa ishirini na tatu.

«Mbele ya kuandika,» Kalaba alisema, «tumupe mukono. Kweli kweli. Akiwa mwenzetu, akuwe mwenzetu.»

Walileta bia. Walimpa mkono mmoja mmoja. Marceline alimpakulia samaki, akasema kwamba anamkumbuka Abigaël. Siku moja ya mvua Abigaël alimsaidia kuingiza magunia sita, akachafua gauni la kanisani, na hakulalamika. Mume wa Marceline alisema ni kweli, alikuwepo. Mtu mwingine alisema kwamba hata hizi nyaya, kusema haki, ni huyu mzee. Mbuyi alihisi joto kifuani ambalo hakuwa amelihisi tangu karakana ya Likasi.

Balbu juu ya meza ilififia. Iligeuka rangi ya chungwa, kisha rangi ya kutu. Friza ya Kalaba ilinguruma mara moja ikanyamaza. Huko nje kinu kilipunguza mwendo, na mwanamke aliyekuwa anasagiwa akauliza kulikoni.

Wote walitazama balbu. Mtu alikohoa.

«Lakini na weye, papa,» Marceline alisema polepole, akitazama sahani ya samaki mbele ya Mbuyi, «ile groupe yako ilinipasula kichwa siku tatu muzima. Na haukuomba hata pardon.»

Balbu ikarudi nusu.

«Bakasai habaombake pardon,» mumewe alisema.

Ikarudi yote. Friza ikaendelea. Nje kinu kikachapa kazi.

Kalaba alifunga kalamu. Alizungumza kwa upole, kama anayeeleza bei. Wote wameona, alisema. Mtu akiingia kwenye rejista, siku moja watu watamzoea, na siku watakapomzoea watoto watalala gizani na samaki wataoza. Shefu hana haki ya kuzima avenue nzima kwa ajili ya jina moja. Walipiga kura. Mikono ishirini na miwili ilipanda. Mbuyi aliihesabu, akaona kwamba hesabu ni sahihi, akaenda nyumbani.

Angeweza kukata waya. Siku mbili ngazi ilikaa imeegemea nguzo, na siku mbili aliitazama.

Siku ya tatu, mchana, mvua ikinyesha na giza limeshuka kama jioni, Kalaba alimwita. Alikuwa peke yake mezani, na Marceline alikuwa kibarazani akingoja mvua ipungue.

«Decision bila barua haiko decision,» Kalaba alisema. «Komini ya serikali inaweza kuiuliza. Na sekretere yetu anaandika français ya soko. Avenue muzima, mwenye anaandika français ya bureau ni weye.»

«Unataka niandike barua ya kunikatalia miye?»

«Ndjo vile.»

Mbuyi alivuta kiti. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa amejibiwa kwa mdomo, na cha mdomo hakina namba wala tarehe. Hakuna ofisi duniani unayoweza kukipeleka. Barua ingekuwa na kichwa cha komite. Ingekuwa na jina lake lote, la baba yake pia, na nakala ingebaki ndani ya rejista, imekunjwa. Hakukuwa na njia nyingine ya jina hilo kuingia humo.

«Lete karatasi yenye haina mistari,» alisema.

Aliandika Kifaransa cha ofisi, kwa mwandiko wa shule ya jioni, herufi zimesimama wima. *Kwa Bwana Mbuyi Symphorien, mwana wa Kabeya, Avenue Masuku, namba kumi na nne.* Aliandika kwamba komite ilikaa kihalali, kwamba ombi limechunguzwa, kwamba kwa manufaa ya wote mhusika hatahesabiwa miongoni mwa wakazi.

«Tuandike tunasikitika?» Kalaba aliuliza. «Barua ya bureau inaanzaka vile.»

«Munasikitika?»

Kalaba alifikiri. «Hapana.»

«Basi hatuandike.»

«Na mwisho? Weka kintu ya kumutuliza.»

«Haina haja. Anajua kusoma.» Mbuyi aliinua kichwa. «Kalaba. Ule utani, siku ile karakana. Ulikunywa bia yangu ukasema ndiyo. Yulu ya nini?»

«Ilikuwa bia ya bure,» Kalaba alisema.

Balbu juu yao iliongezeka mwanga. Iliongezeka mpaka kila uzi wa shati la Kalaba ukaonekana, mpaka wino uliolowa ukang'aa, na chumbani friza ikaanza kunguruma kwa nguvu mpya. Kalaba hakuwa na uso wa mtu aliyekasirika. Alikuwa anajikuna sikio. Alitazama balbu, kisha akamtazama Mbuyi. Mbuyi aliendelea kuandika.

Alisoma barua yote tangu mwanzo, akaongeza mkato mmoja, akaandika nakala, akazisukuma zote mbili mbele ya Kalaba atie sahihi na muhuri. Mbuyi aliikunja nakala ndani ya rejista, kisha akaikunja barua mara tatu, kingo juu ya kingo. Aliitia kwenye bahasha, akalamba gundi kutoka pembe hadi pembe, akaikandamiza kwa kidole gumba na kuhesabu mpaka ishirini. Kisha akamwita Marceline ndani.

«Peleka namba kumi na nne,» alimwambia. «Kwa mkono, na mwenyewe atie sahihi ya kupokea. Kama hayuko, mungoje.»

Marceline aliificha bahasha chini ya kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, isilowe, akavuka barabara.